Kazi ya Siddiqi ituamshe na sisi

Watu wanapomtaja mwanahistoria Asif Siddiqi wa Chuo Kikuu cha Fordham, wasisahau kwamba alichapisha Challenge to Apollo, historia ya Wasovieti angani, kupitia NASA mwaka 2000, miaka kadhaa kabla hajapata shahada ya uzamivu. Kitabu cha kurasa zaidi ya 1,000! Kabla ya kitabu hicho habari za Wasovieti angani zilijaa uvumi, maana hata jina la Sergei Korolev, mbunifu wao mkuu, lilifichwa mpaka alipofariki mwaka 1966. Kisha akahariri kwa Kiingereza juzuu nne za kumbukumbu za mhandisi wa Kisovieti Boris Chertok. Kuhariri hakumpandishi mtu cheo chuoni, lakini kwangu hiyo ndiyo zawadi yake kubwa, kwa sababu sauti ya aliyekuwepo imehifadhiwa.

Ameandika pia juu ya Thumba, kituo cha roketi cha India kilichojengwa kwenye kijiji cha wavuvi. Nasi Wakenya tuna Ngomeni, karibu na Malindi, ambako Waitaliano waliirusha setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la baharini tarehe 12 Desemba 1970. Wanahistoria wa vyuo vyetu, tafadhali, nendeni mkawahoji wazee wa pale wangali hai.