Ndege Iliyokesha Angani
Ndege ndogo isiyo na rubani huangushwa na betri: saa chache tu, doria imekwisha. Maabara ya utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani iligeukia haidrojeni. Katika chombo kiitwacho seli ya mafuta, gesi hiyo huungana na oksijeni ya hewani pasipo moto, ikatoa umeme, joto na maji. Mwaka 2009 ndege yao, Ion Tiger, ilikaa angani saa 26 kwa gesi iliyoshindiliwa. Mwaka 2013, kwa haidrojeni ya kimiminika, saa 48. Ila kimiminika hicho hutaka baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri, kisipopata huchemka kikatoweka. Askari aliye porini atakihifadhi wapi?