Bustani ya Nyumbani Ianzie Kwenye Ndoo

Ushauri tunaoutoa kliniki, kwamba mama ale mboga za majani kila siku, ni sahihi kitabibu. Ukifika Kwaluguru, wilayani Handeni, unakutana na swali asiloliuliza daktari: maji ya kumwagilia yatatoka wapi mwezi Agosti? Mradi wa HTM huchota maji ya mto Pangani wilayani Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni, lakini zipo kaya ambazo bado hutegemea malambo na visima vya mbali.

Ndiyo maana naona kwamba vipeperushi vinavyoanza na mbegu huanza pasipofaa. Anayeanza bustani ahesabu ndoo kwanza. Wakati wa kiangazi, mita 1 ya mraba ya mboga huhitaji takriban lita 5 za maji kwa siku. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 hutosheleza mita 4 tu. Hizo zatosha kuanzia: tuta lenye upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati pasipo kukanyaga udongo, na urefu wa mita 4. Lichimbwe lizame kidogo chini ya usawa wa ardhi, litiwe samadi ya mbuzi iliyooza, kisha lifunikwe kwa nyasi kavu. Tuta lililoinuliwa, lile linalopendeza pichani, liachiwe Lushoto kwenye mvua. Huku hukauka upesi mno. Na pawe na uzio wa miiba, kwani mbuzi mmoja humaliza kazi ya mwezi kwa asubuhi moja.

Tuta liwe karibu na jiko, mbali na choo. Maji yaliyooshea mboga na nafaka yamwagwe humo. Ya kuogea yaelekezwe kwenye shina la mpapai, wala yasimwagwe juu ya majani yatakayoliwa. Pipa lifunikwe na dimbwi lisiachwe, maana wenyeji wa nyanda za Korogwe wanaijua malaria vya kutosha.

Mchicha huvunwa baada ya wiki 3 hadi 4, lakini hunywa maji mengi; upewe nusu ya tuta tu. Nje ya tuta, masika yanapoanza, ipandwe mimea inayostahimili ukame: mlonge, na muhogo kwa ajili ya kisamvu, ambacho sharti kitwangwe na kuchemshwa hadi kiive kwa sababu ya sumu yake. Mchunga unaojiotea using'olewe kama gugu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wanawake zaidi ya 4 katika kila 10 wana upungufu wa damu. Madini ya chuma yaliyomo katika majani hufyonzwa kwa shida; ndimu huyasaidia, chai inayonywewa pamoja na mlo huyazuia. Basi mndimu nao upate nafasi katika ramani, na mjamzito asiache vidonge vyake.

Limebaki jambo ambalo ramani nyingi hazilichori. Ndoo hiyo hubebwa kichwani na mwanamke, mara nyingi yuleyule mjamzito tunayetaka kumwongezea damu. Bustani inayomwongezea safari ya kisimani simshauri aianze. Mhudumu wa afya anapopanga na kaya, baba awepo, na safari za maji ya bustani ziandikwe kwa jina lake na baiskeli yake.