Asiyekuwapo na Lake Lipo

Iko methali ambayo wazee wetu, wa pwani na wa bara, huitamka kama kadhi asomaye hukumu: asiyekuwapo na lake halipo. Nimeisikia katika mabaraza ya Unguja kila nilipojaliwa kuvuka bahari, na nimeisikia Tukuyu chini ya migomba. Mwaka jana nimeisikia nyumbani kwetu Mbeya, katika kikao cha ukoo, ikitumiwa kumnyang'anya dada yangu kiwanja alichokinunua kwa jasho lake. Mimi nilikuwamo kikaoni. Jina lililokusudiwa kuandikwa katika hati badala ya lake lilikuwa langu.

Naomba wapenzi wa ushairi wanistahimilie nikiyaleta mambo ya nyumbani katika kurasa hizi. Naamini jambo hili ni letu sote, na sisi watunzi tunayo sehemu yetu katika kosa.

Dada yangu mkubwa alimaliza darasa la saba, akapanda treni ya TAZARA kwenda Dar es Salaam kabla ya kutimiza miaka 17. Reli ile, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, tulifundishwa shuleni kuwa ni njia ya shaba ya Zambia kuifikia bahari. Hatukufundishwa kwamba ilikuwa pia njia ya mabinti wa Mbeya na Makambako kuyafikia majiko ya watu, huku wenzao wa Iringa wakishuka kwa mabasi. Alifanya kazi Dar es Salaam, akahamia Unguja, na kutoka Unguja akachukuliwa Maskati. Huko alikaa miaka minane. Alimwacha binti yake mchanga kwa dada yetu mdogo, naye akamlea pamoja na wanawe bila ya kubagua chungu wala mkeka.

Mimi nami niliishia darasa la saba. Kiingereza nilichojifunza nilikipata katika kamusi ya TUKI ya Kiingereza na Kiswahili, iliyotoka mwaka 1996, aliyoninunulia yeye. Kila shairi nililolifasiri limepita katika kamusi ile. Kwa miaka hiyo yote nimetunga juu ya mvua ya Rungwe, juu ya mama, juu ya nchi na juu ya kifo. Juu ya dada sijatunga hata ubeti mmoja.

Nataka kwanza tulitazame neno lenyewe. Washairi wa zamani walikuwa na neno umbu: dada kwa mwanamume, na kaka kwa mwanamke. Neno hilo lina jamaa zake katika lugha za Kibantu za bara, na ndani yake mna usawa, kwani mimi ni umbu kwake kama yeye alivyo umbu kwangu. Leo tunasema dada, na hilo nalo ni neno zuri la heshima. Lakini tumelifanyia nini? Ingia nyumba yoyote ya wenye nafasi, Dar es Salaam au Mjini Unguja, uulize nani anapika. Utajibiwa: dada. Dada huyo halali walalapo dada wa nyumba hiyo, hali nao sinia moja, na akiugua hurudishwa kwao. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 ilimpangia, akiwa analala kwa mwajiri, kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi. Ile ya mwaka 2022 ikampandisha hadi 60,000. Hayo ndiyo ya sheria, na wengi hawakuyapata hata hayo. Tumechukua jina la undugu tukalifanya jina la kazi, ili tusione aibu ya ujira.

Nililigundua hilo kwenye meza yangu ya tafsiri. Nilikuwa nasoma riwaya ya Jamaica Kincaid iitwayo Lucy, ya mwaka 1990, inayomhusu msichana aliyetoka kisiwa kidogo cha Karibi kwenda Marekani kulea watoto wa watu. Mwandishi mwenyewe, mzaliwa wa Antigua, alipelekwa huko angali kijana afanye kazi kama hiyo, apeleke fedha kwao. Nikakwama katika jina la kumwita msichana huyo kwa Kiswahili. Yaya? Yaya hulea tu. Mtumishi? Hata waziri ni mtumishi. Hausigeli? Ni dharau iliyovaa nguo ya kigeni. Kijakazi? Neno hilo lina historia yake Unguja, ambako utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, na masuria wakasubiri hadi 1909. Mkono wangu ukataka kuandika dada, nao ukasita, kwa kuwa nilimkumbuka dada niliyekuwa naye.

Kutoka hapo nikaanza kusoma habari za wanawake wa Karibi. Mwaka 1955 serikali ya Kanada ilianzisha mpango wa kuwachukua wanawake wa Jamaika na Barbados kufanya kazi za ndani, na mwaka ule wa kwanza wakachukuliwa 100. Sharti lilikuwa mwanamke awe na umri wa miaka 18 hadi 35, asiwe na mume wala mtoto. Akimaliza mwaka mmoja wa utumishi alikuwa na haki ya kubaki katika nchi ile, na baadaye kuwaita jamaa zake. Mpango uliendelea hadi 1967. Ulikuwa na ukatili wake: wapo walioficha watoto wao katika fomu, wakawaacha kwa mama zao na dada zao, kama vile dada yangu alivyomwacha wake. Mwaka 1977 wanawake saba wa Jamaika waliamriwa kuondoka Kanada kwa sababu hawakuwataja watoto wao. Walipinga. Waliungwa mkono na watu wengi, na hatimaye wakashinda. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: tukifaa kufanya kazi, tunafaa kukaa.

Dada zetu wa Ghuba hawakupewa hata mlango huo mwembamba. Mwezi Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za ndani Omani na Falme za Kiarabu. Yaliyosimuliwa humo ni pasi kushikwa na mwajiri, mishahara kupunjwa, saa za kazi zisizokwisha, na utaratibu wa kafala uliomfunga mtumishi kwa mwajiri mmoja. Huko hapakuwa na mwaka wa kuhitimu utumishi na kuwa mwenyeji. Mtu wa namna hiyo ana mahali pamoja tu pa kurudi, nako ni kwao. Ikiwa kwao nako amesomewa methali, arudi wapi?

Nisije nikasingiziwa kuwa nazichukia methali, nitasema kwa nini hii naikataa: haitumiki kwa haki. Wanaume wa Rungwe walikwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini kwa mikataba ya Wenela, mpaka Tanganyika huru ilipoifunga njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Ng'ombe walionunuliwa kwa ujira wake walihesabiwa kila msimu, na aliporudi alikabidhiwa mbele ya mashahidi hata ndama. Hapana aliyesema asiyekuwapo na lake halipo. Ninyi watu wa visiwani mnao mabaharia wenu. Aliyekwenda baharini miaka kumi hungojewa na shamba lake, na akirudi hutungiwa wimbo. Methali hulala usingizi mwanamume akiondoka, huamka mwanamke akiondoka.

Watunzi ndio hasa tulioiamsha. Tazama tungo zetu juu ya mwanamke msafiri. Kaenda kwa tamaa, kavua heshima, kasahau malezi. Mohamed Suleiman Mohamed alituonyesha tangu mwaka 1976, katika Nyota ya Rehema, binti anayenyimwa haki katika mali ya babake mzazi. Tuliisoma, wengine tukaisomea mtihani, tukamlilia Rehema wa kitabuni. Rehema wa nyumbani tumemtungia beti za kumlaumu, na beti hizo huimbwa katika vikao kama vile vya kwetu kabla ya hati kubadilishwa jina.

Yako majibu niliyopewa, nami sitayakwepa. La kwanza: nani alimtuma? Tulimtuma sisi. Aliondoka kwa kuwa karo, dawa na mabati vilihitaji mtu wa kuvilipia, na sisi wanaume tulikuwa tunatafuta kazi zinazolingana na ukubwa wetu. La pili: ameolewa, mali itakwenda kwa ukoo wa watu. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Hakuna kifungu kinachosema haki hiyo hukoma mwenyewe akiolewa au akiwa Maskati. La tatu, nalo ni zito kidogo: wapo waliokwenda wakasahau kwao. Ni kweli, wapo. Kincaid mwenyewe aliacha kupeleka fedha na kujibu barua za nyumbani. Lakini aliyeacha kuleta tunamdai nini juu ya kile alichokwisha kukilipia? Na aliyeleta miaka minane, mbona hukumu yake ni moja na ya aliyesahau?

Siku ya kikao dada yetu mdogo hakuulizwa neno. Alikuwa jikoni anawapikia wazee. Kalamu ilipowekwa mbele yangu, alitoka na daftari la shule lililochakaa, akaliweka juu ya ile hati. Ndani yake ameandika kila shilingi iliyotumwa tangu siku ya kwanza, na kila ilikokwenda: mabati, mazishi ya mama, sare ya mtoto, mfuko wa mbolea, kamusi ya kaka. Kila ukurasa una tarehe. Wazee walinyamaza, kisha mmoja akasema mambo ya wanawake yasubiri. Nikarudisha kalamu bila kutia sahihi. Sijivunii hilo, maana kama daftari lisingaliletwa nadhani ningalitia.

Kikao kimeahirishwa hadi baada ya mavuno. Wako wasioniamkia tena. Nami nimekwisha kuwajulisha wazee msimamo wangu: kiwanja kiandikwe jina la aliyekinunua, na kama ukoo unataka mtu wa kukilinda wakati yeye hayupo, basi ni yule aliyelinda mtoto na hesabu. Kiswahili kilikwisha kusema zamani kwamba dada wa mama ni mama, mkubwa au mdogo. Lugha ilimtambua, sisi ndio tuliokataa kumtambua.

Kwenu watunzi wenzangu nina ombi moja. Kabla hamjatunga ubeti mwingine wa kumlaumu aliyekwenda, muulizeni nduguye aliyebaki kama ana daftari. Kwa upande wangu, ile tafsiri nimeirudia tangu mwanzo. Pale nilipokwama nimeandika msichana wa kazi, maneno matatu ya wazi yasiyomficha mtu. Neno dada nimeliweka akiba kwa ajili ya shairi ninalodaiwa.