Visima vya Isaka na Paa la Kanisa



Wapendwa waamini, katika kikao cha Halmashauri ya Walei mzee mmoja ninayemheshimu sana alipinga wazo la kujenga tangi la maji ya mvua kanisani. “Baba Paroko,” alisema, “bomba la Ziwa Victoria limekwisha kufika mkoani kwetu. Tangi la nini tena?” Wengi waliafiki. Fedha ni chache, na uzio nao unahitajika. Sikumjibu vema siku ile, nami naomba nimjibu leo.

Bomba ni neema. Mama aliyezoea kuamka saa tisa usiku kwenda kupanga ndoo kisimani hahitaji mahubiri juu ya hilo. Lakini maji hayo huchotwa Ihelele, wilayani Misungwi, yakasukumwa kwa mitambo na kusafiri mamia ya kilomita. Umeme ukikatika huko, kiu ni yetu huku.

Waliopita nchi hii zamani hawakuyategemea maji ya mbali. Misafara kutoka Bagamoyo, kabla ya kufika Unyanyembe, ilivuka Mgunda Mkali, nyika yenye maji haba. Wapagazi walikuwa na mwendo ulioitwa terekeza: walijaza vibuyu, wakaondoka jua la adhuhuri likiisha kupinda, wakalala porini pasipo maji, na asubuhi wakaendelea hadi kisima kilichofuata. Richard Burton, aliyepita hapa mwaka 1857, aliuandika mwendo huo.

Sisi vibuyu vyetu ni mapaa. Mkoa wa Tabora hupata mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi paa la mita za mraba 100, hata tukiondoa robo inayopotea, hutoa lita zaidi ya 65,000. Leo tunaziacha zichimbe makorongo. Na pale ambapo miti imekatwa ili kukaushia tumbaku (wakulima wanisamehe, najua ndiyo karo ya watoto), maji hayapati hata mahali pa kutulia yazame ardhini.

Katika Mwanzo sura ya 26, Isaka alichimbua upya visima vya baba yake vilivyofukiwa na Wafilisti, akavirudishia majina yake ya kwanza. Huku hatuna Wafilisti. Visima vya wazee wetu tunavifukia wenyewe, kwa taka, tukidhani hatutavihitaji tena.

Tena yuko asiyeweza kulipia bili. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si’ wa mwaka 2015, alifundisha kwamba maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu. Mjane anayekatiwa maji mwezi wa Septemba ataidai wapi haki hiyo, kama si kwa jirani yake, na kama si kanisani?

Kwa hiyo nitairudisha hoja kikaoni. Mabati tunayo, tumekosa mifereji na tangi tu. Uzio ungoje msimu mmoja. Nawe mzee wangu, nakusihi uje na hoja zako zote.

Wenu katika Kristo,
Paroko, Isikizya