Afya ya uzazi Doldol yategemea mwenye kauli juu ya mbuzi

KWA mwanamke mjamzito wa Doldol, Kaunti ya Laikipia, afya ya uzazi huamuliwa zizini kabla ya kufika zahanati.

Juni 2013 Serikali iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma, na baadaye mpango wa Linda Mama ukaendeleza nafuu hiyo. Oktoba 2024 zamu ikawa ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Familia isiyo na mshahara sasa hutakiwa kuchanga angalau Sh300 kwa mwezi, sawa na Sh3,600 kwa mwaka.

Miongoni mwa Wamaasai wa Mukogodo, fedha hizo hutokana na mifugo, na kwa desturi mwenye kauli ya kuuza ni mume. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliangamiza mifugo mingi na kuwalazimu wanawake, hata waja wazito, kufuata maji mbali zaidi. Uzazi ukitatiza usiku, hospitali kubwa iko Nanyuki, takribani kilomita 50, na nauli haipo.

Kufungua wodi pekee, basi, hakutoshi. Asiye na kauli juu ya mbuzi mmoja atakuwaje na kauli juu ya uzazi wake?