Nyimbo za Bonane: mtangazaji ataje wimbo anaoupenda kweli

Kuanzia wiki ya Noeli hadi Bonane, redio za mashariki mwa Kongo hubadilisha mwendo. Habari hufupishwa, salamu hurefushwa, na jioni moja watumishi wa redio huitwa studio ili kila mmoja ataje nyimbo alizozipenda zaidi katika mwaka unaoisha. Anaingia msomaji wa habari, anaingia mtu wa michezo, dada wa kipindi cha afya, na hata fundi wa mitambo ambaye sauti yake haisikiki mwaka mzima. Huko Kadutu mama anayepika sombe anaongeza sauti ya redio. Huko Birere motari anayengoja mteja anasogeza telefoni karibu na sikio. Ni kipindi kinachopendwa, na kinastahili kupendwa, kwa sababu siku hiyo msikilizaji anakutana na watu, si na habari tu.

Lakini msikilizaji akibadilisha redio usiku huo, anaweza kudhani hajabadilisha kitu. Fally Ipupa anatajwa hapa na anatajwa pale. Unafuata wimbo kutoka Nigeria, halafu Diamond Platnumz wa Tanzania, halafu wimbo mmoja wa dini ambao kila mtu anaujua. Hakuna ubaya katika nyimbo hizo. Mtu aliyejaza Paris La Défense Arena mwezi wa Novemba 2023 hawezi kulaumiwa kwa kupendwa na mtangazaji wa Uvira. Kinachoshangaza ni kwamba watu kumi, wenye umri tofauti, kazi tofauti na makanisa tofauti, wanakaa mbele ya mikro moja na kutaja nyimbo tano zilezile. Hapo mtu ana haki ya kuuliza: je, hayo ni mapenzi, ni mazoea, au kuna aliyelipwa?

Jina likitajwa, kuna mtu anapata kazi

Wengine watasema ni mchezo tu wa sikukuu, wa nini kuufanya jambo kubwa? Jibu liko kwa kijana anayeimba Bukavu, Butembo au Kalemie. Kwa sheria, wimbo unapopigwa redioni mtunzi anapaswa kupata haki yake, na kuna shirika linalohusika na jambo hilo, SOCODA. Lakini wasanii wengi wa mikoani wanalalamika kwamba hawaoni chochote. Makuta yao yanatoka kwingine: harusi, sherehe za kupokea diploma, baa, tamasha za Bonane, mara mojamoja tangazo la kampeni ya afya. Na mwenye harusi anamwita nani? Anamwita yule ambaye jina lake limesikika. Redio ikimtaja, simu yake inaita. Isipomtaja, anaanza mwaka mwingine akiuza mayunite kando ya barabara.

Kuna sababu ya pili, na hii haionekani haraka. Katika redio nyingi ndogo nyimbo hukaa ndani ya kompyuta moja na flashi chache. Kompyuta ikifa, au redio ikiporwa kama ilivyotokea mara nyingi katika vita vya Kivu, nyimbo zinapotea pamoja nayo. Kinachobaki ni kile ambacho mtu alikipenda kiasi cha kukitaja, kukirudia na kumpa mwenzake nakala.

Historia inaonyesha jambo hilo vizuri. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, mtu aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta kijana mmoja akipiga gitaa huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, na wimbo wake «Masanga» ulisikika mbali sana na Katanga. Kazi ya gitaa ilikuwa ya Mwenda mwenyewe. Lakini bila mtu mwenye mashine aliyesimama, akasikiliza na kusema «huu ninaupenda», pengine gitaa hilo lingebaki katika masikio ya wapita njia wa siku hiyo. Leo mashine iko mikononi mwa mtangazaji wa mtaa. Naye anachagua nini kitabaki.

Makuta ndani ya flashi

Ni lazima kusema wazi jambo ambalo kila mtu katika kazi hii analijua. Watumishi wengi wa redio za mitaa hawana mshahara. Wanaitwa wa kujitolea, wanapewa kidogo mafuta yakibaki kwenye jenereta na matangazo yakilipwa. Ndiyo maana kupaje, yale makuta ambayo mwandishi hupewa ili habari ipite, imekuwa kama sehemu ya kazi. Na mwimbaji naye amejifunza njia hiyo: analeta flashi yenye wimbo, na pamoja na flashi analeta «ya maji» au «ya usafiri». Asiye na ya usafiri, flashi yake inalala mezani.

Muziki wa Kinshasa una libanga, neno la Lingala lenye maana ya jiwe. Mtu mwenye uwezo analipa, na jina lake linaitwa ndani ya wimbo. Kila msikilizaji anajua ni biashara, na hakuna anayedanganywa. Kwa mtangazaji mambo ni tofauti. Anaposema «huu ndio wimbo nilioupenda mwaka huu», hasemi kwa niaba ya tajiri fulani. Anatoa ushuhuda juu ya moyo wake mwenyewe. Akiwa amelipwa ili aseme hivyo, ameuza kitu ambacho msikilizaji hakujua kwamba kinauzwa.

Na hasara haibaki kwenye muziki. Mama wa sombe si mjinga. Anasikia wimbo ambao hakuna mtu aliyeuimba mtaani ukitajwa na watu watatu kama wimbo wa mwaka, na anatabasamu. Kesho yake mtangazaji huyohuyo anamwambia kwamba barabara fulani ni salama, au kwamba maji ya bomba sehemu fulani yana kipindupindu. Je, amwamini? Mtu aliyeuza alichokipenda kwa dola chache, atashindwaje kuuza habari? Katika eneo ambako watu wanaamua kulala au kukimbia kwa kusikiliza redio, imani hiyo si ya kuchezea hata siku ya sikukuu.

Huruma inahitajika hapa. Mtangazaji asiye na mshahara ana watoto, na mwezi wa Desemba watoto wanataka nguo mpya. Kumkemea tu hakusaidii. Wenye redio, iwe ni shirika, parokia au mfanyabiashara, wanaomba uaminifu kutoka kwa watu ambao hawawalipi. Wao ndio wa kwanza kuulizwa. Lakini hata katika hali hiyo, jioni moja kwa mwaka inaweza kuachwa safi.

Ndiyo maana mara nyingi sikio linapaswa kumwelekea fundi wa mitambo. Hakuna mwimbaji anayelijua jina lake, basi hakuna anayemletea bahasha. Yeye amesikia kila wimbo mara mia, usiku na mchana, akiwa peke yake na mashine. Akisema anapenda kwaya fulani ya mtaa, iliyorekodi kwa mikro moja ndani ya kanisa la mbao, kuna uwezekano mkubwa kwamba anaipenda kweli.

Wimbo ambao hautajwi

Kuna orodha nyingine ambayo haisomwi hewani: nyimbo ambazo mtangazaji anazipenda lakini anaogopa kuzitaja. Novemba 2021 tume ya taifa ya kuchunguza nyimbo, huko Kinshasa, ilikataza wimbo «Nini tosali te» wa kundi la MPR, ambalo maneno yake yaligusa viongozi tangu uhuru. Makelele ya raia yalikuwa makubwa, na haikupita siku nyingi wimbo ukaruhusiwa tena. Huo ulikuwa mwisho mwema. Kivu imeona mambo mazito zaidi. Delcat Idengo, mwimbaji aliyewahi kufungwa kwa ajili ya nyimbo zake, aliuawa Goma tarehe 13 Februari 2025, wiki chache baada ya mji kuingia mikononi mwa M23.

Katika hali kama hiyo, hakuna mwenye haki ya kumwambia mtangazaji awe shujaa kwa ajili ya kipindi cha Bonane. Akiona wimbo fulani unaweza kumtia hatarini yeye au familia yake, anyamaze. Msikilizaji ataelewa. Lakini kunyamaza ni jambo moja, na kumsifu mwenye bunduki ni jambo lingine. Kuuacha wimbo unaoupenda, halafu kuweka mahali pake wimbo wa kumfurahisha mwenye nguvu na kuuita «wimbo wangu wa mwaka», hiyo ni hatua ambayo mtangazaji anaweza kuikataa bila kelele. Anaweza kutaja wimbo wa mapenzi. Anaweza kutaja wimbo wa mazishi. Mradi uwe wake.

«Lakini nyimbo za hapa hazina ubora»

Hili ndilo jibu linalotolewa mara nyingi studio, na lina ukweli ndani yake. Studio nyingi za mtaa ni chumba kimoja chenye godoro ukutani, umeme unakatika katikati ya kurekodi, sauti inatoka kavu. Msikilizaji anataka kucheza, hataki kufanyiwa somo juu ya kupenda cha kwao.

Hata hivyo, Innoss'B ni mtoto wa Goma. Mwaka wa 2019 «Yo Pe» ilimtoa, na mwaka huohuo Diamond Platnumz aliimba naye toleo jipya la wimbo huo. RJ Kanierra ni wa Lubumbashi, na wimbo wake «Tia» wenye jina la Kiswahili ulichezwa hata mahali ambako Kiswahili hakisemwi. Kabla ya majina hayo kuwa makubwa, yalikuwa majina ya mtaa. Kuna mtu aliyeyacheza mapema, wakati hakuna aliyekuwa anayajua.

Na kuna wale ambao hawakungoja. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, lakini jina lake lilikuzwa Dar es Salaam. Huko aliimba kwa Kiswahili juu ya maskini, na Tanzania ikamchukua kama wa kwake hadi alipofariki Desemba 2010. Si vibaya mtu kuvuka ziwa. Ubaya ni pale kuvuka ziwa kunapokuwa njia pekee ya kusikilizwa na watu wa nyumbani.

Hakuna anayeomba watangazaji wamfukuze Fally Ipupa. Kipindi kingeweza kufuata mpango mwepesi. Kila mtumishi ataje nyimbo tatu, na angalau moja iwe ya mtu wa mkoa wake, hata kama ni ya kwaya au ya kijana ambaye bado anarekodi kwa telefoni. Kwa kila wimbo aseme alipousikia mara ya kwanza na kwa nini ulimshika. Anayedanganya hukwama haraka kwenye swali hilo. Kama mwimbaji ni ndugu yake, au alimpa chochote, aseme, halafu achague mwingine. Mkuu wa redio atangaze mapema, hewani, kwamba hakuna malipo yanayopokelewa kwa kipindi hicho, ili wasanii nao wajue. Nyimbo zilizopigiwa kura na wasikilizaji zipewe saa yake, zisichanganywe na za watumishi, kwa maana kupendwa na wengi na kupendwa na mtu mmoja ni mambo mawili.

Na mwisho wa kipindi, orodha iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, majina ya waimbaji na mji wao, halafu nyimbo zenyewe ziwekwe nakala mbili katika nyumba mbili tofauti. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji kalamu na flashi mbili. Baada ya miaka ishirini, mtu atakayetaka kujua Uvira au Beni iliimba nini katika miaka hii migumu atakuwa na mahali pa kuanzia.

Rumba ya Kongo iliingizwa katika urithi wa UNESCO Desemba 2021, na nchi ilifurahi kwa haki. Lakini urithi wa kesho unapita leo mbele ya mikro ndogo za mitaani, mara nyingi ukiwa na sauti mbaya na jina lisilojulikana. Basi kabla taa nyekundu haijawaka jioni ya kufunga mwaka, kila mtumishi wa redio ajiulize swali moja tu: ni wimbo gani alirudi nao nyumbani usiku, akiuimba njiani, bila mtu yeyote kumlipa? Ataje huo.