Kujitolea au Kutumikishwa?

Hapa kwetu Bombo limezuka neno ambalo limekuwa tamu mno midomoni mwa wakubwa, nalo ni hili: "Ajitolee, atapata kazi." Mzazi aliyeuza mpunga ili mwanawe asomee ualimu akiuliza kazi i wapi, huambiwa neno hilo. Kijana aliyeachishwa kazi mjini akarudi milimani, huambiwa hilo hilo. Sisi hatulikatai lote. Twalikataa linaposemwa bila tarehe, bila karatasi, na bila haya.

Kwanza tukiri ya kwamba kujitolea kwaweza kumrudisha mtu kazini. Sisi wenyewe tulirudi kwa njia hiyo. Shule za nchi yetu zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, walimu wengi wa shule za watu binafsi walikosa mishahara, nasi tulikuwa miongoni mwao. Na zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni, nafasi yetu haikuwapo tena. Tukarudi nyumbani. Yeyote aliyepata kukaa hivyo ajua kwamba si mfuko tu uishao. Mtu husahau saa ya kuamka, tena huwakwepa jamaa njiani wasije wakamwuliza habari zake. Tulipoanza kufundisha hesabu bila ujira katika shule moja, watoto walituita Mwalimu, nasi tukasimama wima tena. Hata barua ya shule ile ndiyo iliyotufungulia mlango mahali pengine. Wema huo hatuusahau.

Lakini na haya hatuyasahau. Tulipatana kwa mdomo miezi 6, tukafundisha 14. Kila tulipouliza tuliambiwa, "Vumilia, nafasi zinakuja." Vipindi vyetu vilizidi vya wenye mshahara, na siku ya mvua aliyetumwa kusimamia zamu alikuwa ni sisi, maana asiye na mkataba hana pa kulalamikia. Barua ile njema tuliiomba mara nne.

Tukisema hivi, wako wanaosimama mkutanoni na kutujibu: "Sisi Wapare tulikuwa na msaragambo. Nani alilipwa?" Jibu hili hupigiwa makofi sana, nasi twaliona kuwa ni udanganyifu. Pembe ya msaragambo ilipolia walitoka watu wa kila nyumba, si mmoja aliyekosa bahati. Na aliyetoroka alitozwa. Kazi ilikuwa na siku yake ya kwisha. Tena aliyechimba ndiva alikuwa na zamu yake ya maji, na shamba lake lililowa kama la jirani yake. Je, mwalimu wa kujitolea, zamu yake ya maji ni ipi? Yeye achimba peke yake, na wengine wanywesha migomba yao. Huo si msaragambo, na tusiwasingizie babu zetu.

Na ile ahadi ya "atapata" ina uzito gani? Tangu 2016, elimu ilipokuwa bila ada mpaka kidato cha nne, madarasa yamefurika. Na mwaka huo huo ajira za serikali zilisimamishwa ili watumishi hewa wahakikiwe. Walimu waliohitimu wakarundikana. Mwaka 2022 zilitangazwa nafasi 9,800 za walimu. Na katika usaili wa mwanzoni mwa 2025 waombaji walipita 200,000 kwa nafasi 14,648. Anayemwambia kijana kwa hakika kwamba akijitolea ataajiriwa asema jambo asilolijua. Mwaka 2021 vijana 854 waliojitolea katika Jeshi la Kujenga Taifa walirudishwa makwao baada ya kugoma wakidai kuandikishwa jeshini, ingawa baadaye Rais Samia Suluhu Hassan aliwasamehe. Hatuutetei mgomo wa jeshini. Twauliza tu, tumaini lile walilipewa na nani?

Liko na dhara jingine ambalo wazazi hawalioni. Shule yenye upungufu wa walimu wanne ikipata wanne wa kujitolea, kelele za wazazi hunyamaza. Watoto wanafundishwa, mitihani inafanywa, basi nani atakwenda Same kudai? Hivyo kijana afunika kwa mwili wake lile pengo ambalo alitumaini kuajiriwa ndani yake.

Wala sheria haikunyamaza. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 yasema kwamba mtu afanyaye kazi chini ya amri ya mwingine kuhusu namna na saa zake, au aliyemfanyia mwingine kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, adhaniwe kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sisi si mawakili; lakini wajumbe wa kamati na wasome kifungu cha 61 kabla ya kumwambia mtu "huyu ni wa kujitolea tu."

Nanyi vijana, msiende mahali kwa kuwa tu pana mlango wazi. Nendeni panapo kazi mnayoitaka, na mtu wa kuwafunza, na barua ya siku ya kwanza iliyo na tarehe ya mwisho. Siku hiyo ikifika, ondokeni, hata mkisihiwa. Na ninyi wazazi, mchango wa mahindi kwa mwalimu wa namna hii msiuite sadaka.

Tumekwisha kuandika mfano wa barua hiyo, nusu ukurasa tu: kazi, vipindi, posho au chakula, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, na ahadi ya hati ya ushuhuda bila kuombwa. Tulipomwonyesha mjumbe mmoja wa kamati alisema karatasi huleta maneno. Mwezi ujao tutaipeleka mbele ya mkutano wa wazazi, tuisome kwa sauti.